Umehama kazi mara nyingi: umjibu nini mwajiri mpya?

Barua za safari hii karibu zote zinagusa jambo moja: wasifu wenye kazi nyingi za muda mfupi, na hofu ya kuulizwa "mbona umehamahama hivi?" Nimejibu tano.

Nimefanya kazi sehemu nne ndani ya miaka mitano. Kwenye usaili huwa naeleza kila kazi niliiachaje, mpaka naona wasaili wamechoka kunisikiliza. Nisemeje?

Acha kueleza moja baada ya nyingine. Anayekuuliza hatafuti historia yako. Anawaza gharama ya kutangaza nafasi, kusaili watu, kumfundisha mgeni na kumlipa miezi kadhaa kabla hajaimudu kazi, halafu aondoke na shughuli ianze upya. Swali lake hasa ni hili: "Na hapa kwetu utaondoka lini?" Hilo ndilo la kujibu.

Sababu za nyuma zimalize kwa sentensi mbili tatu, kisha useme kwa nini hapa utatulia. Kwa mfano: "Kazi mbili za kwanza zilikuwa za mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na yote miwili niliimaliza. Ya tatu niliiacha kwa kuwa nilitaka kuingia kwenye ununuzi na pale hapakuwa na nafasi. Ninapofanya sasa nanunua vifaa vidogo vidogo tu. Ninyi mna zabuni kubwa, na huko ndiko ninakotaka kukomaa." Ukifika hapo, nyamaza. Watu wengi hutoa jibu zuri, kisha kwa wasiwasi huendelea kuongea mpaka wanalibomoa.

Sharti moja: sababu iwe ya kweli. Msaili makini atakufuata na swali la pili, "Kwa nini hukuomba kuhamishiwa idara nyingine?", na mwenye kisa cha kutunga hukwama hapo hapo.

Kazi mbili zilizopita niliziacha kwa sababu ya mabosi. Mmoja alikuwa akinitukana mbele ya wateja. Niseme ukweli au nifiche?

Pole sana. Hakuna mshahara unaohalalisha mtu kutukanwa, na kuondoka kwako hakuhitaji kuombewa radhi. Shida ni kwamba msaili hamjui bosi huyo. Anakuona wewe tu, na sauti unayotumia kumzungumzia mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo eleza hali ya kazi na hatua ulizochukua: "Hatukuelewana kuhusu namna ya kushughulika na wafanyakazi mbele ya wateja. Nililifikisha kwa uongozi, halikubadilika, nikatoa notisi na kukabidhi kazi." Kama ulicheleweshewa mshahara miezi kadhaa, au ulitakiwa kufanya jambo la kinyume cha sheria, litaje waziwazi kwa utulivu. Mwajiri mwema ataelewa.

Lakini mabosi wawili mfululizo watamfanya mtu ajiulize, na hata mimi ningependa ujiulize: kabla ya kukubali kazi zile, uliuliza nini? Nawe una haki ya kuuliza kwenye usaili. Aliyeshika nafasi hii kabla yangu amekwenda wapi? Nitaripoti kwa nani, na ninaweza kuzungumza naye? Akijibu kwa kuzungukazunguka, zingatia hilo kabla hujatia sahihi.

Kuna kazi niliyokaa wiki sita tu. Naweza kuiondoa kwenye wasifu?

Unaweza. Wasifu ni muhtasari, na si lazima kila kitu kiingie. Fomu ya maombi inayotaka ajira zako zote, tena ukatia sahihi kwamba maelezo ni ya kweli, ni jambo jingine. Ukificha humo unaweza kupoteza kazi hata baada ya kuajiriwa. Vivyo hivyo, ukiulizwa ana kwa ana, sema.

Usilolifanya kamwe ni kusogeza tarehe ili kuziba pengo. Waajiri wa zamani wakipigiwa simu, tarehe za kuanza na kuacha kazi ndizo za kwanza kuulizwa, na wengi hawathibitishi zaidi ya hizo na cheo. Hata ile mbinu ya kuandika miaka bila miezi siipendi. "2022–2023" inaweza kuwa miaka miwili au wiki tatu, na mwenye uzoefu huhisi kuwa kuna kitu kimefunikwa.

Mimi ni wa miradi. Mkataba ukiisha natafuta mwingine. Kwenye karatasi naonekana situlii.

Ziweke kazi hizo chini ya kichwa kimoja, "Kazi za mkataba", pamoja na mwezi na mwaka wa kuanza hadi wa kumaliza. Chini yake orodhesha miradi, na mbele ya kila mmoja andika "mkataba ulikamilika". Kama kuna aliyekuita mara ya pili, hilo liwe juu kabisa. Kuitwa tena ni ushahidi kuliko maelezo yoyote.

Kazi moja nilipunguzwa, nyingine nilifukuzwa. Naogopa kuulizwa.

Kupunguzwa si kosa lako. Sema kampuni ilipunguza watu, na kama idara nzima iliondoka, litaje.

Kufukuzwa kunahitaji maandalizi zaidi. Andaa maelezo mafupi ya kilichotokea, sehemu yako katika hilo, na unachofanya tofauti sasa: "Nilichelewesha ripoti mara kadhaa. Nilionywa, kisha nikaachishwa. Kazi iliyofuata nilimwomba msimamizi tukutane kila Jumatatu kupanga tarehe, na sikuchelewesha tena." Jizoeze kuyatamka kwa sauti mbele ya mtu unayemwamini mpaka sauti isitetemeke. Kisha mtafute mtu wa kazi hiyo iliyofuata, aliyeona mabadiliko yako, umwombe awe mdhamini wako. Mwambie mapema kwamba huenda akapigiwa simu, na ataulizwa nini.