Nani Aliibeba Karatasi? Niliyojifunza Baada ya Tasnifu Yangu Kurudishwa

Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri, watahini wawili walinipa mkono na kuniita daktari. Nilikaa nikisubiri kuitwa hivyo kwa miaka sita na ushee. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja msalani, nikafunga mlango, nikalia kama mtoto. Sioni aibu kulisema.

Usiku huo nikakuta ujumbe wa dada mmoja anayesoma historia mwaka wa pili huko Dodoma: "Shikamoo kaka. Nataka kuandika kuhusu siasa za Uingereza ya karne ya 17, zile nyaraka za wananchi walizopeleka bungeni. Ni nyingi mno, nashindwa nishike lipi. Nianzie wapi?" Nilimjibu mistari mitatu kisha nikazima taa. Usingizi ukagoma. Swali lake ndilo lililoninyima usingizi mimi kwa miaka yote hiyo, na jibu lake nimelilipia kwa gharama kubwa. Kwa hiyo naandika hapa, kwa ajili yake na kwa kila mmoja wenu anayetaka siku moja jina lake lisomwe kwenye jalada la tasnifu.

Wengi wenu hamjui kwamba mara ya kwanza nilianguka. Sikuwaambia. Niliandika tu hapa kwamba "mambo yanaendelea vizuri", na hayakuwa yakiendelea vizuri. Tasnifu ilirudishwa, nikaambiwa niiandike upya ndani ya miezi kumi na miwili.

Mada yangu ilikuwa nyaraka za maombi, yaani karatasi ambazo watu walitia saini kuliomba Bunge jambo fulani, zilizotumwa bungeni kutoka kaunti za Uingereza kati ya 1640 na 1642, miaka miwili kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles I na Bunge. Desemba 1640 watu wa London walipeleka waraka wenye majina yapatayo 15,000, wakitaka utawala wa maaskofu wa Kanisa la Uingereza, kanisa la Kiprotestanti, ung'olewe, mizizi na matawi yake. Kaunti zikafuata moja baada ya nyingine. Wengine wakataka maaskofu waondoke, wengine wakawatetea. Mimi nilichofanya ni kuhesabu. Nilichora majedwali mazuri: kaunti fulani saini kadhaa za kupinga, kaunti fulani saini kadhaa za kutetea. Niliamini ninaisikia sauti ya wananchi, na nilijivunia majedwali yale.

Sura ya tatu ilihusu Cheshire. Februari 1641 bwana mmoja wa huko, Sir Thomas Aston, alipeleka kwa baraza la malodi, baraza la juu la Bunge walimoketi makabaila na maaskofu, waraka wa kutetea maaskofu, wenye majina zaidi ya 6,000. Baadaye kidogo ukachapishwa waraka mwingine, nao ukijiita wa Cheshire, unaowapinga maaskofu na kudai majina karibu maradufu ya yale ya Aston. Nikauingiza wote kwenye jedwali na kuhitimisha kwamba Cheshire iliwachoka maaskofu, wawili kwa mmoja.

Mtahini wa nje alikuwa mama mtulivu wa makamo. Alifungua ukurasa ule, akauelekeza kwangu, akauliza swali moja tu: "Nani alizikusanya hizi saini?"

Sikuwa na jibu. Nilipepesa macho kama mwizi aliyemulikwa tochi. Hapo ndipo aliponieleza taratibu kwamba waraka ule wa pili unatiliwa shaka kubwa: Aston mwenyewe aliukana, na tarakimu zake zinafanana mno na hesabu ya Aston iliyozidishwa mara mbili, tabaka kwa tabaka, kuanzia makabaila, mapadri hadi wakulima wenye ardhi. Yaani nilijenga sura nzima juu ya karatasi ambayo huenda hakuna mwana Cheshire aliyewahi kuishika.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa swali lile. Nikiwa koridoni, mwanafunzi mwenzangu alimwambia mwingine, akidhani sisikii, "Mtu wa Tanga na maaskofu wa Cheshire, wapi na wapi?" Msimamizi wangu wa wakati huo alikuwa amesimama pale pale. Alinyamaza. Nimewasamehe, lakini kusahau bado. Kila nikishika kalamu maneno yale yananirudia, na nakiri yamenisukuma kuliko sifa zote nilizowahi kupewa.

Wiki ile nilimpigia mama simu kumweleza kwa nini sitarudi nyumbani mwaka ule. Nilimweleza habari za karatasi na majina ili asije akadhani nimefukuzwa. Akanikatiza. "Mwanangu, umesahau marehemu baba yako alivyopita na daftari la kuomba bomba la maji? Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Nani angemkatalia mjumbe? Mzee wa jirani alitia dole gumba bila kuuliza limeandikwa nini, na bomba alikuwa nalo."

Nilikaa kimya na simu sikioni. Miaka minne nimesoma vitabu vya watu wakubwa, na jambo hili lilikuwa nyumbani kwetu muda wote.

Kuanzia siku hiyo niliacha kuhesabu majina. Nilianza kuifuata karatasi: ilianzia wapi, ilipitishwa na nani, ilisomwa wapi kwa sauti, ilifika kwa nani, ikapata nini. Miezi ya katikati sitawasimulia. Ilikuwa treni ya asubuhi, hifadhi ya nyaraka, zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, basi. Niende kwenye jambo lenyewe, nalo ni Kent.

Kent ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu ya mtu mmoja, Sir Edward Dering. Januari 1641, akiwa mbunge wa kaunti hiyo, alipeleka bungeni waraka wa watu wa Kent wa kuwapinga maaskofu. Mwezi Mei mwaka huo huo ndiye aliyeufikisha bungeni muswada wa kuwaondoa kabisa. Sasa sikilizeni. Machi 1642, kwenye kikao cha mahakama ya mzunguko mjini Maidstone, waraka mwingine wa Kent unaandikwa, safari hii wa kuwatetea maaskofu na kitabu cha sala, na miongoni mwa walioongoza kuuandika ni Dering yule yule!

Mtu wa kuhesabu saini atasema Kent iligeuka. Mtu wa kuifuata karatasi atauliza kilichotokea katika miezi ile kumi na minne, na hapo ndipo utamu wote ulipo.

Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ireland waliinuka dhidi ya utawala wa Waingereza, ambao wengi wao walikuwa Waprotestanti. Habari za mauaji, za kweli na za kutia chumvi, zikafurika London. Jeshi lilihitajika haraka, na Uingereza haikuwa na jeshi la kudumu. Kilichokuwapo ni mgambo wa kila kaunti, wakulima na mafundi waliofundishwa kushika mkuki na bunduki, chini ya kabaila aliyeteuliwa na mfalme. Bunge likajiuliza: tukimpa Charles jeshi, atakwenda nalo Ireland au atatugeuzia sisi? Tarehe 4 Januari 1642 akajibu swali hilo mwenyewe, alipoingia bungeni na watu wenye silaha kuwakamata wabunge watano. Ndege, kama alivyosema, walikuwa wamekwisha ruka, yaani wote watano walikuwa wametoroka.

Mmoja wa watano hao alikuwa John Hampden wa Buckinghamshire. Wiki moja baadaye maelfu ya watu wa kaunti yake waliingia London kwa farasi na waraka mkononi. Essex, Hertfordshire na nyingine zikafuata, zikiomba karibu mambo yale yale: nchi iwekwe tayari kujilinda, Wakatoliki wanyang'anywe silaha, Ireland isaidiwe, na maaskofu pamoja na malodi wa Kikatoliki wasipige kura tena katika baraza la malodi.

Ombi hilo la mwisho lilinichanganya kwa miaka. Niliandika sura moja ya dini na nyingine ya ulinzi, kana kwamba ni mambo mawili. Halikuwa hivyo. Kura za maaskofu katika baraza la malodi ndizo zilizokuwa zikimkinga mfalme, na watu waliona mgambo hautapata viongozi wapya walioteuliwa na Bunge mpaka kura hizo ziondoke. Mkulima wa Essex aliyeogopa kuchinjwa kitandani na aliyemchukia askofu hakuwa na hofu mbili. Ilikuwa hofu moja. Mwezi Februari mfalme alikubali maaskofu watolewe bungeni, lakini mgambo akakataa katakata. Tarehe 5 Machi Bunge likajipitishia amri ya mgambo bila idhini yake.

Wanawake nao walikuja. Tarehe 4 Februari 1642 kundi la wanawake wa London, wakiongozwa na Anne Stagg, mke wa mtengeneza pombe, walipeleka waraka wao wakisema yaliyowapata wanawake wa Ireland yanaweza kuwapata na wao. John Pym, kinara wa Bunge wakati ule, alitoka hadi mlangoni akawapokea, akawashukuru, akawaomba warudi nyumbani waendelee kuliombea Bunge. Sura hiyo ya wanawake mtahini aliisifu mara mbili. Niliiandika nikimfikiria mama yangu.

Turudi Maidstone. Waraka wa Machi ulisema mgambo upangwe kwa sheria iliyoridhiwa na mfalme, na kwamba amri isiyo na idhini yake isiwabane raia. Lakini tazama: uliomba pia sheria dhidi ya Wakatoliki zitekelezwe na Ireland isaidiwe haraka. Hofu ni ile ile ya Essex na Buckinghamshire! Tofauti ni mkono wanaotaka ushike upanga. Ukisoma utangulizi peke yake, wenye heshima na unyenyekevu wake mwingi, hulioni hilo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: anzeni na maombi yenyewe, yale ya mwishoni, kisha mrudi juu.

Bunge halikuusubiri waraka ufike. Jaji Thomas Mallet aliyeendesha kikao kile na Earl wa Bristol, lodi aliyeonyeshwa nakala akanyamaza, walipelekwa Tower, ngome ya London iliyotumika kama gereza. Waraka ukaamriwa uchomwe moto na mnyongaji. Dering alitoroka. Hata hivyo, tarehe 30 Aprili mshairi Richard Lovelace na Sir William Boteler waliuleta tena, nyuma yao kukiwa na watu wa Kent waliokusanyika Blackheath, uwanda ulio karibu na London. Wote wawili wakatiwa ndani. Siku chache baadaye waraka mwingine wa Kent, unaoliunga mkono Bunge, ukapokelewa kwa shukrani. Kaunti moja, wiki moja, na kila upande ukisema "sisi watu wa Kent".

Kwa hiyo dada yangu wa Dodoma, na wengine, shikeni waraka mmoja. Msichukue mia kama nilivyofanya mimi kwa ulafi. Ulizeni nani aliubeba. Mkishalijibu hilo, ulizeni tena, kwa sababu jibu la kwanza mara nyingi ni jina la bwana mkubwa, wakati aliyekwenda mlango kwa mlango alikuwa padri wa parokia au konstebo wa kijiji. Tazameni kama majina kumi yameandikwa kwa mwandiko mmoja. Tazameni kama waraka wa upande wa pili umewahi kufika bungeni au uliishia kwa mchapishaji. Na msiwadharau waliotia saini. Nilipitia kipindi cha kuona kila saini ni ya kulazimishwa, na hilo nalo ni kosa. Mzee wa jirani yetu alimtilia baba dole gumba kwa sababu alimheshimu, na heshima ni siasa pia. Vijana wengi wa kwetu wanaosoma mbali wanakimbilia nadharia ngumu ili waonekane wamesoma, na kile walicholelewa nacho wanakiacha nje mlangoni. Acheni hilo! Karatasi ni karatasi, iwe Maidstone au Tanga. Inabebwa na mtu mwenye miguu, anayefahamika na jirani zake, na kumkatalia kuna bei yake. Someni kwa bidii, ombeni, msikate tamaa wakiwacheka koridoni.

Dering aliungana na mfalme vita vilipoanza, akamchoka, akarudi kuomba msamaha wa Bunge mapema 1644, na akafariki Juni mwaka huo. Nimeishi na mtu huyu kuliko nilivyoishi na baadhi ya ndugu zangu. Watu wa wakati wake walimwita kigeugeu. Mimi nimesoma barua alizopokea kutoka kwa watu wa kaunti yake, akiwamo Robert Abbot, padri wa Cranbrook, aliyelalamika kwake juu ya waumini waliokuwa wakijitenga na kanisa, na ninamwona mtu aliyeshtushwa na moto aliousaidia kuwasha.

Alhamisi, mama yule wa makamo alikuwa mtahini tena. Alifungua sura ya Kent, akavua miwani, akauliza swali lile lile, kwa maneno yale yale. Nilianza na Dering, nikaenda kwa jaji, nikaenda kwa wale waliotembea hadi Blackheath. Niliongea dakika ishirini na hakunikatiza.

Dada, nitumie waraka utakaouchagua. Kama mwandiko wake unakushinda, piga picha kurasa mbili za mwanzo tuusome pamoja Jumapili.