Kamba Inayovutwa Kutoka Chini Haimwondolei Mtu Wajibu wa Kupanda Kuukagua Ukingo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi, aliyepata karibuni cheti cha daraja la kwanza cha kazi za kamba, yaani kazi za mahali pa juu ambazo fundi huzifanya akiwa amening'inia kwenye kamba, aliniandikia ujumbe mrefu na wa heshima. Baada ya shikamoo na salamu za nyumbani aliuliza hivi: "Kaka, tajiri anataka kamba tuzivute chini kila jioni zisije zikaibwa, na asubuhi tuzipandishe kwa uzi mwembamba tutakaokuwa tumeuacha juu, ili mtu asipoteze muda kwenye ngazi. Huko juu kuna ukingo wa chuma. Je, hili ni sawa?" Nimeamua kumjibu hadharani, kwa sababu suala hilihili ndilo lililonitoa kazini mjini Lindi, na kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto ileile niliyokuwa nayo mimi, ya kufika daraja la tatu na kuaminiwa kusimamia kazi kwenye mitambo ya gesi ya Madimba au Songo Songo.

Kazi ya Lindi ilikuwa ya kuziba nyufa kwenye tangi la maji la zege lililoinuliwa juu ya nguzo, mahali ambapo upepo wa bahari unafika bila kizuizi. Mimi nilichukuliwa kama msimamizi. Nilipopanda mara ya kwanza nilikuta paa la tangi limezungushiwa chuma cha pembe, na chumvi ya bahari ilikuwa imekila chuma hicho mpaka kikawa na meno kama ya mbuzi ya kukunia nazi. Nanga zilizokuwepo, yaani mahali imara pa kufungia kamba, zilikuwa katikati ya paa, mbali na ukingo, hivyo kila kamba ingelazimika kulala juu ya paa, ipinde kwenye chuma kile, ndipo ining'inie. Mwenye kandarasi alitaka utaratibu uleule anaoambiwa kijana wa Masasi. Nilimweleza kwamba kuvuta kamba jioni si tatizo, lakini kila asubuhi lazima mtu apande kwanza, na kwamba nahitaji silingi, yaani vipande vya waya wa chuma vya kuunganisha nanga na kamba, ili kamba zisiguse ukingo kabisa. Alinijibu mbele ya vijana niliokuwa nawasimamia kwamba ninampotezea muda na kwamba uoga wangu si gharama yake. Kesho yake mtu mwingine alikuwa amekaa kwenye nafasi yangu, nami nikarudi Mtwara kwa nauli yangu mwenyewe.

Neno lile la uoga liliniuma, na bado linaniuma. Kazi ile iliisha bila mtu kuumia, jambo ninalomshukuru Mungu kwa ajili ya vijana wale, lakini tangu hapo wapo wanaoitaja kama ushahidi kwamba nilikuwa natia chumvi. Kamba ambayo haikukatika haijathibitisha kwamba ilikuwa imefungwa vizuri. Imethibitisha tu kwamba siku hizo haikukatika, na hakuna aliyeikagua kwa vidole ili kujua ilibakiza nyuzi ngapi.

Tuliangalie jambo lenyewe. Katika mfumo wa IRATA, chama cha kazi za kamba chenye madaraja haya matatu, kilichoanzishwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 kutokana na kazi za mitambo ya baharini, fundi hufungwa kwenye kamba mbili, moja ya kazi na nyingine ya akiba, kila moja ikiwa na nanga yake. Watu wengi hujifariji kwamba moja ikikatika nyingine ipo. Kwenye ukingo mkali faraja hiyo ni dhaifu, kwa maana kamba zote mbili hupita mahali pamoja, juu ya chuma kilekile, na mwili mmoja ukiyumba pembeni huzisugua zote mbili kwa wakati mmoja. Kamba iliyolegea huweza kuburutwa juu ya ukingo na kubaki na mikwaruzo tu, lakini ikibeba uzito wa mtu hukatwa kwa mguso mdogo wa kisu, na mwendo wa kwenda kushoto na kulia ndio mbaya kuliko yote.

Kuna jambo la pili ambalo sijasikia likielezwa vya kutosha. Kamba za kazi hizi, zile zinazotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1891 aina A, huruhusiwa kurefuka hadi asilimia 5 uzito unapoongezeka kutoka kilo 50 hadi kilo 150. Fundi anapopanda kamba kwa vifaa vya kupandia, kila hatua yake huivuta kamba na kuiachia. Msuguano unaotokea ukingoni hautokani na urefu wote wa kamba, bali na kurefuka kwa kile kipande kilicho kati ya nanga na ukingo. Nanga ikiwa mita 10 nyuma ya ukingo na kamba ikirefuka kwa asilimia 3, basi sentimita 30 za kamba zinakwenda na kurudi juu ya chuma. Nanga ikiwa nusu mita tu kutoka ukingoni, mwendo huo ni sentimita moja na nusu. Kwa sababu hiyo silingi ya chuma ina thamani kubwa: kipande kinacholala juu ya paa na kupita ukingoni kinakuwa waya ambao kwa uzito wa mtu haurefuki kwa kiasi cha kuhesabika, na kamba inaanzia chini ya ukingo, hewani.

Sasa ongeza suala la kuvuta. Kamba ikivutwa jioni, kinga (kile kinachowekwa kati ya kamba na ukingo ili isikatwe) iliyofungwa kwenye kamba hushuka nayo. Kinga iliyofungwa kwenye jengo hubaki juu, lakini kamba inapopandishwa asubuhi kwa uzi hakuna anayejua kama imelala juu ya kinga au imeangukia sentimita 20 pembeni yake, kwenye chuma kitupu. Ukiwa chini huwezi kuona. Kusi ikivuma usiku kucha hata uzi wenyewe huhama. Fundi wa kwanza anayepanda asubuhi ndiye anayegeuka kuwa kipimo, na mara nyingi fundi huyo ni kijana wa daraja la kwanza ambaye hana sauti ya kukataa.

Hivi karibuni nimesimamia kazi ya mnara hapa Mtwara, na nasema kwa fahari kwamba tulifanya kama nilivyotaka kufanya Lindi. Kila kamba ilikuwa na silingi yake ya waya, iliyofungwa kwenye nanga yake, ikapitishwa ukingoni juu ya kipande cha bomba nene lililopasuliwa katikati ili waya usikunjike kwenye kona, na mwisho wake ukaning'iniza pete ya chuma chini ya ukingo kwa kiasi cha kuonekana vizuri kutoka chini. Asubuhi nilipanda mimi, nikashika kila nanga na kila silingi, nikatafuta nyuzi za waya zilizokatika na kutu iliyoanza, ndipo nikaruhusu kamba zipandishwe. Kamba ilipita ndani ya pete na ncha zote mbili zikafika chini. Kwenye mguu mmoja, yaani upande mmoja wa kamba kutoka kwenye pete kwenda chini, tulifunga fundo la kipepeo, ambalo hutoa kitanzi katikati ya kamba, tukaweka karabina (pete ya chuma yenye mlango) kwenye fundo hilo na kuipitishia mguu wa pili, kisha tukavuta mguu huo wa pili mpaka kitanzi kikapanda na kukaza kwenye pete. Mguu unaokaza kitanzi ndio wa kupanda. Ule unaotoka kwenye fundo ni wa kuvutia tu. Atakayejifunga kwenye mguu wa kuvutia ataishusha kamba yote pamoja na yeye mwenyewe, kwa hiyo tuliuzungushia utepe mwekundu, tukaufunga pembeni, na hakuna aliyepanda kabla watu wawili hawajaning'inia kwa pamoja kwenye kila kamba, nyayo zao zikiwa inchi chache kutoka ardhini.

Wapo wanaopitisha kamba kwenye pete na kufunga mguu wa pili kwenye nguzo chini, bila fundo juu. Hapo pete hubeba karibu mara mbili ya uzito wa mtu, na mtu akipita akafungua kile kilichofungwa nguzoni, aliye juu hana chake. Mimi sikubali mfumo huo mahali ambapo watu wasiohusika wanaweza kufika.

Mdogo wangu wa Masasi, na wengine mlio kwenye ngazi yake, nawaomba mwelewe kwamba cheti cha daraja la kwanza hakiwapi ruhusa ya kufunga mfumo huu bila msimamizi. Kati ya daraja na daraja kuna saa 1,000 za kamba na angalau mwaka mmoja, na saa hizo zina sababu. Kabla ya kupanda, mwulize msimamizi wa daraja la tatu maswali mawili. Nani amepanda leo kuangalia nanga na ukingo? Na nikizimia katikati ya kamba hii, nani atanishusha na kwa njia gani? Swali la pili lina uzito wa pekee hapa, kwa sababu kitanzi kilichokaza kwenye pete hakiwezi kulegezwa kutoka chini ili mtu ashushwe. Lazima awepo mwokoaji mwenye kamba zake tayari. Asipokuwapo mtu wa kujibu maswali hayo, usipande. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakulinda wewe pia, na tajiri anayeona nusu saa ya ngazi ni hasara anapaswa kuambiwa hivyo kwa adabu na bila kutetemeka. Najua gharama yake. Nimeilipa, na ningeilipa tena.

Wengi pia hutumia kipande cha mpira wa maji wa zimamoto uliochakaa kama kinga. Kwenye zege lenye mikwaruzo mpira huo hufaa, mradi kila kamba iwe na wake, uwe mrefu kupita eneo lote ambalo kamba inaweza kuhamia, na ufungwe kwa uzi wake wenyewe usiteleze. Kwenye chuma cha pembe au bati lililokatwa haufai peke yake. Na kama kinga yoyote imefungwa kwenye kamba, kumbuka kwamba wakati wa kuvuta itaanguka pamoja na karabina, hivyo eneo la chini liwe tupu na kofia ngumu zisivuliwe.

Kamba ikishashuka, ipitishe yote mikononi kabla ya kuikunja, kwa sababu mikwaruzo ya kuvutwa huonekana siku hiyohiyo. Mahali penye ganda la nje la kamba lililochanika, uvimbe au ulaini usio wa kawaida, kata. Kisha pima kila kipande kilichobaki, andika urefu mpya kwenye ncha zake, na upige hesabu upya, kwani mnara wa mita 40 unahitaji zaidi ya mita 80 kwa kila kamba ili miguu yote miwili ifike chini, na kila ncha iwe na fundo la kuzuia.