Majibu yanayorudi nje ya chumba cha mtihani, na maswali mengine kuhusu homoni za ubongo

SWALI: Shikamoo daktari. Niko kidato cha sita. Nikisoma bwenini kila kitu kinaingia, lakini nikikaa kwenye mtihani kichwa kinakuwa cheupe. Nikitoka nje tu, majibu yote yanarudi. Hii ni nini?
– Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Ulichosoma hakijafutika. Kilichokwama ni kukitoa, na mkwamishaji mkubwa ni kotisoli, homoni ya msongo.

Ukishtuka, adrenalini, homoni ya mshtuko, humwagika ndani ya sekunde chache: moyo unadunda, viganja vinaloa jasho. Wakati huohuo haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo, inaiamsha tezi ya pituitari, nayo inaziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo ili zitoe kotisoli. Njia hii ni ndefu, kwa hiyo kotisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, ina vipokezi vingi vya kotisoli. Vikizidiwa, utafutaji wa kumbukumbu unadorora.

Jaribio moja la panya lililochapishwa mwaka 1998 linaonyesha jinsi muda ulivyo muhimu. Panya waliokwisha kujifunza mahali pa kukanyaga ndani ya beseni la maji walipigwa shoti ya umeme. Waliopimwa dakika 2 baada ya shoti walipakumbuka, na waliopimwa saa 4 baadaye pia walipakumbuka. Waliopimwa baada ya dakika 30 ndio walioshindwa. Sasa angalia mnavyofanya nje ya chumba cha mtihani: nusu saa kabla ya kengele mnaulizana maswali, mmoja anataja mada ambayo hukuigusa, tumbo linakukata. Saa mbaya zaidi ya kujitia hofu ndiyo hiyo. Nenda kaa pembeni, funga daftari, pumua taratibu, pumzi kama sita kwa dakika, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Endelea kwa dakika tano.

Dawa kubwa zaidi iko kwenye namna ya kusoma. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walilinganisha waliojifunza kwa kurudia kusoma na waliojifunza kwa kujiuliza na kujijibu bila kuangalia. Siku iliyofuata waliwatia msongo kwa hotuba na hesabu mbele ya watu. Kundi la kwanza lilipoteza sehemu ya lililokumbuka. La pili halikutetereka. Kwa hiyo soma ukurasa, funika, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, halafu sahihisha. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu. Mara moja kwa wiki fanya karatasi nzima ya miaka iliyopita kwa saa, mezani, bila maji ya kunywa kila dakika wala simu.

Na usikeshe. Usingizi mzito wa mwanzo wa usiku ni wakati kotisoli iko chini kabisa, na ndipo ulichosoma mchana kinapokazwa. Anayekunywa kahawa saa nne usiku ili asome hadi alfajiri anajinyima saa hizo hasa.

SWALI: Nina mtoto wa wiki tatu. Nyumbani kuna ugomvi, na tangu uanze maziwa hayashuki. Mama mkwe anasema yamekauka, nianze kopo. Je, kuna dawa?
– Mama Nasra, Tanga

JIBU: Hongera kwa mtoto, dada. Kwa uwezekano mkubwa hayajakauka. Homoni mbili zinafanya kazi tofauti hapa: prolaktini hutengeneza maziwa, oksitosini huyasukuma yatoke. Mtoto akinyonya, taarifa hupanda hadi kwenye haipothalamasi, na oksitosini huachiliwa kwa mafungu kutoka nyuma ya tezi ya pituitari. Inabana vifuko vya maziwa, maziwa yanashuka. Hofu, maumivu na makelele hupunguza mafungu hayo, na adrenalini hubana mishipa inayoipeleka homoni kwenye titi. Titi limejaa, mtoto analia.

Tafuta chumba kimoja chenye utulivu. Mvue mtoto abaki na nepi, mlaze kifuani ngozi kwa ngozi. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya titi kwa dakika tano. Kisha inama, egemeza kichwa mikononi juu ya meza, na mtu unayemwamini akusugue mgongoni kwa vidole gumba, pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka shingoni hadi chini ya mabega, dakika mbili tatu. Kamua matone machache kwa mkono ndipo umweke mtoto. Utajua yameshuka ukisikia mnyeo titini, au titi la pili likianza kudondosha lenyewe.

Kopo lina hatari yake hapa. Mtoto akishiba kopo hanyonyi, titi halimwagwi, na titi lisilomwagwa hupunguza kutengeneza. Hapo maneno ya mama mkwe yatatimia. Lakini mtoto akikojoa chini ya mara sita kwa siku, akilegea au asipoongezeka uzito, nenda kliniki siku hiyohiyo. Ukipata homa na titi jekundu linalouma, usisubiri pia. Sindano ya oksitosini ya wodini, uniti 10, hutolewa mtoto akishazaliwa ili kuzuia damu kumwagika. Usiinunue ujichome nyumbani.

SWALI: Kuna mtu anauza mtandaoni dawa ya kupuliza puani, eti ina oksitosini na itamfanya mume aniamini na kunipenda. Ni kweli?
– Jina limehifadhiwa, Nairobi

JIBU: Hapana, weka hela yako. Sifa hiyo ilitokana na utafiti wa Zurich, Uswisi, mwaka 2005, ambapo waliopuliziwa walikuwa wepesi zaidi kumkabidhi mgeni fedha katika mchezo wa maabara. Watafiti waliporudia jambo hilo kwa uangalifu zaidi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha ongezeko hilo la kuaminiana. Na chupa ya mtandaoni hujui ina nini.

SWALI: Nilipaka krimu ya kung'arisha ngozi mwili mzima kwa miaka miwili. Mwezi uliopita niliacha ghafla. Sasa nachoka, nasikia kizunguzungu nikisimama, natapika. Imehusiana?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Inawezekana sana, na usimalize kusoma gazeti kabla ya kupanga kwenda hospitali leo. Beba kopo la krimu. Mikorogo mingi ina klobetasoli, steroidi kali inayofanya kazi kama kotisoli. Kipimo chake cha kitabibu hakizidi gramu 50 kwa wiki, kwa wiki mbili mfululizo. Ikipakwa mwili mzima kwa miaka, inaingia kwenye damu; ubongo unadhani kotisoli ipo tele, unaacha kuziamsha tezi za adrenali, nazo zinasinyaa. Ukiacha ghafla, dawa haipo na tezi zimelala. Presha inashuka, sukari inashuka, na ukipata malaria au ajali mwili hauna cha kupambania. Mgonjwa anayetapika mfululizo, anayechanganyikiwa au kuzimia anahitaji haraka sindano ya haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, kwa kawaida miligramu 100. Mwambie daktari ukweli kuhusu mkorogo hata kama hakukuuliza. Aibu imewachelewesha wengi.

Onyo hilohilo ni kwa wanaotumia vidonge vya prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi. Dozi fupi ya siku tano ya pumu kwa kawaida huachwa bila kushushwa. Ukiwa umemeza zaidi ya wiki tatu, daktari ndiye akupangie kupunguza kidogo kidogo. Na imeze asubuhi: kotisoli ya mwili hupanda alfajiri, na kidonge cha usiku hukufanya ukodoe macho.

SWALI: Kazini ni nani mwenye msongo mkubwa, bosi au sisi wa chini?
– Karani, Nakuru

JIBU: Majibu mengine yako karibu na kwenu, Masai Mara, ambako Mmarekani Robert Sapolsky alianza kuchunguza nyani mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliwapiga mishale ya usingizi kwa bomba la kupuliza, kisha akachukua damu haraka kabla homoni hazijabadilishwa na mshtuko wenyewe. Pale ngazi za ukubwa zilipotulia, madume ya chini ndiyo yaliyokuwa na kotisoli ya juu, kwa kuwa yalipigwa wakati wowote bila kosa. Ngazi zilipovurugika, wakubwa nao walipanda.

Katikati ya miaka ya 1980 madume makali ya kundi moja yalikula nyama yenye kifua kikuu kwenye jalala la hoteli ya watalii, yakafa. Yaliyobaki yalikuwa mapole. Ngazi za ukubwa ziliendelea kuwepo, lakini madume ya chini hayakuonyesha tena dalili zile za msongo, na hata wageni waliohamia miaka ya baadaye walifuata tabia ya kundi. Kwa hiyo mtazame bosi wako anavyoishi na walio chini yake, kabla ya kuangalia cheo chake.