Kabla hujamtafutia mchumba: ushauri wa kusoma hadithi za msimu wa kwanza London

Anayeniomba nimwazime hadithi nyepesi za mapenzi za Uingereza ya zamani, zile za binti wa miaka kumi na minane anayepelekwa London kwa msimu wake wa kwanza, yaani miezi ya dansi na ya kutafutiwa mchumba, humwambia hivi: usikimbilie mapenzi, jifunze kwanza masharti ya ukumbi wa dansi. Nimezisoma kwa miaka mingi, nyingi kwenye simu nikiwa foleni, na nimeona kwamba wanaoziacha njiani huziacha kwa sababu hawajui kinachochekesha ni nini. Binti amecheza na bwana yuleyule mara tatu, ukumbi mzima unanong'ona, mama mtu yuko karibu kuzimia, na msomaji wetu anauliza: kwani kuna nini?

Kuna mengi. Enzi hizo bwana alipoomba dansi, kwa kawaida aliomba seti, yaani ngoma mbili mfululizo, na seti moja ingeweza kuchukua nusu saa. Kurudi kwake mara ya pili kulitazamwa. Ya tatu ilikuwa karibu sawa na kutangaza uchumba. Tena binti akimkataa bwana mmoja, adabu ilimtaka akae kitini usiku mzima asicheze na mwingine. Mtunzi hodari anajua la kufanya na sharti kama hilo. Anamleta mzee mmoja mkanyaga miguu, mwenye mazungumzo ya mbwa wake wa kuwindia, anainama mbele ya binti. Hatua chache nyuma yake anakuja yule kijana tuliyemsubiri tangu sura ya pili. Binti akikataa amewakosa wote wawili, akikubali nusu saa imeliwa na mbwa. Asiyejua sharti ataona wasichana wanacheza dansi tu.

Zama zenyewe zilikuwa fupi. Mfalme George III aliugua akili, na kuanzia 1811 mwanawe akatawala kwa niaba yake mpaka mzee alipofariki mwaka 1820. Kipindi hicho ndicho kinachoitwa Regency, yaani utawala wa niaba. Msimu nao ulifuata Bunge: wakubwa walikuja mjini na familia zao kwa vikao, shamrashamra zikapamba moto baada ya Pasaka, na joto la Julai likianza watu walifungasha. Tarehe 12 Agosti uwindaji wa ndege milimani unafunguliwa, na hakuna bwana anayetaka kuwa London. Kwa hiyo nakushauri uangalie tarehe. Mtunzi akitaja mwezi Juni katikati ya mazungumzo ya chai, anakukumbusha kwamba muda wa binti unakwisha.

Wale mabinti walikuwa na mambo ya kufanana na mwali wa kwetu anapotolewa ndani: jana hakuruhusiwa hata kuzungumza na wageni, leo amevikwa, ana mwanamke mtu mzima ubavuni, na kila jicho liko kwake. Wenye nafasi walipelekwa kwanza kwa Malkia Charlotte katika kasri la St James's. Sehemu hii usiiruke kamwe. Mitindo ya wakati ule ilipandisha kiuno hadi chini ya matiti, lakini itifaki ya kasri iliendelea kudai sketi pana zenye matao ndani, za enzi ya mabibi zao. Binti akawa sketi imetanuka kuanzia kwapani, manyoya ya mbuni kichwani, na baada ya kuinama anatakiwa aondoke kinyumenyume bila kumpa Malkia mgongo wala kukanyaga mkia wa gauni. George IV, yule mwana aliyetawala kwa niaba ya baba yake, ndiye aliyeyaondoa matao hayo mwaka 1820. Watunzi wa vichekesho nadhani hawajamsamehe.

Halafu kuna Almack's, ukumbi wa mtaa wa King Street, wa dansi za kila Jumatano. Kuingia kulihitaji vocha (si ya simu), na vocha zilitolewa na akina mama wachache wenye nguvu kuliko mawaziri, akiwamo Lady Jersey na Countess Lieven, mke wa balozi wa Urusi. Fedha peke yake haikufungua mlango. Milango ilifungwa saa tano usiku, na inasimuliwa kwamba Duke wa Wellington mwenyewe, mshindi wa vita vya Waterloo, aliwahi kurudishwa. Na huko ndani walipata nini? Chai, maji ya limau, na mkate mwembamba wa siagi. Nikisoma riwaya ambamo watu wanakunywa shampeni Almack's, mtunzi huyo naanza kumtilia shaka mpaka mwisho.

Sasa fedha, maana hapa ndipo hadithi nyepesi inapopata uzito. Msomaji wa kwetu ageuze hesabu: mali inatoka upande wa bibi harusi. Binti mwenye pauni 10,000, zikiwekwa kwa faida ya asilimia 5, ana pauni 500 kwa mwaka. Kijakazi anayemchana nywele pengine hafikishi 20. Akishaolewa, fedha zake kwa sheria ni za mume, isipokuwa zile ambazo mawakili walizitenga kwa mkataba kabla ya ndoa. Mambo hayo yalianza kubadilishwa na sheria za 1870 na 1882 tu. Nyumba na ardhi ya baba kwa kawaida alichukua kaka mkubwa. Na talaka ya kumwezesha mtu kuoa tena ilihitaji sheria mahususi ya Bunge. Mweke binti katikati ya hayo, mpe wadogo wanne wa kike nyumbani na baba aliyekopa ili kupanga nyumba London kwa miezi michache, kisha usome tena anavyotania mezani. Anatania huku ameshikilia maisha ya watu sita.

Na unapoambiwa bwana fulani ana elfu kumi kwa mwaka, uliza zinatoka wapi. Nyingine ni kodi za wapangaji wa mashamba. Nyingine ni sukari ya Karibi, iliyolimwa na watumwa. Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni hayo ukaendelea hadi sheria ya 1833. Hadithi nyingi nyepesi hupita hapo kimyakimya. Mimi sikushauri uache kuzisoma kwa ajili hiyo, ila mtunzi anayethubutu kulitaja bila kuharibu ucheshi wake, msome yeye kwanza.

Majina yatakusumbua. Bwana mmoja ana jina la ukoo, jina la cheo, na jina analoitwa na mama yake. Dada mkubwa anaitwa Miss kwa jina la ukoo tu, mdogo wake anaongezewa jina lake. Mimi huandika kwenye karatasi ninayotumia kushikia ukurasa, au kwenye simu. Na usiwaamini sana hao ma-Duke, wenye cheo cha juu kabisa chini ya ukoo wa mfalme, vijana, warembo, wasio na mke. Nchi nzima ma-Duke, ukiacha ndugu za mfalme, hawakufika arobaini, na wengi wao walikuwa wazee au wana wake. Riwaya zenye Lord wa kawaida mwenye madeni mara nyingi huwa na akili zaidi.

Zikifika sura za wapenzi kutoroka wakaoane, kumbuka sheria ya 1753: aliye chini ya miaka 21 hakuweza kufunga ndoa kwa leseni bila idhini ya mzazi. Uskochi sheria hiyo haikuwafikia, ndiyo sababu kila mtu anakimbilia Gretna Green, kijiji cha mpakani. Kutoka London ni siku kadhaa za barabara na farasi wa kubadilisha njiani. Sifa ya sura kama hizo ni vyumba vya wageni, gurudumu lililovunjika, na shangazi anayewafukuzia akiwa na kikapu cha chakula.

Usisome tatu mfululizo, utaanza kuwachanganya mashangazi. Na zile kurasa za nyongeza baada ya sura ya mwisho, za miaka mitano baadaye na watoto bustanini, ziruke. Kwa kawaida hazina hata utani mmoja.