Ile pikipiki iliuzwa kwa sababu gani?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi mjini, nina duka la nguo na vibanda viwili pale soko la Memorial. Nilianza mwaka 2015 na belo moja la nguo za watoto, shilingi 350,000. Nimepitia magumu. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minane nikalazimika kutengana naye, akakaa Kibosho kwa bibi yake mzaa baba karibu miaka miwili. Mwaka huohuo mume wangu, ambaye ni fundi umeme, aliuza pikipiki yake, tukabaki bila usafiri, mvua yetu jua letu. Sikukata tamaa. Siku hizi vikundi vya wanawake vinaniita nisimulie nilikotoka, na wengi hutoka wakilia. Machi mwaka huu mume wangu alikuja kunisikiliza kwa mara ya kwanza. Niliposema, "Nilianza bila mtu, mimi na Mungu wangu," aliinuka akatoka. Tangu siku hiyo ni salamu na chakula tu. Mama mkwe naye, aliyekuwa akituletea ndizi na maziwa kila wiki, ameacha. Rafiki zangu wanasema ni wivu, mwanaume hapendi mke amzidi, na wananishauri ninunue kiwanja kimyakimya kwa jina langu, nijipange mapema. Shangazi, nifanyeje na wivu wa watu hawa? — Mama Wawili, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba iliyonyamaza. Kula meza moja na mtu asiyekutazama kunachosha kuliko kubeba belo. Na kununa kwa miezi si uungwana hata kwa aliyekosewa. Mumeo angeniandikia yeye, hilo ningemwambia la kwanza.

Lakini aliyeandika ni wewe. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Belo la shilingi 350,000, mwaka 2015. Pikipiki imeuzwa, mwaka huohuo. Mambo haya mawili umeyaweka mbalimbali kana kwamba hayajuani. Hela ya belo ilitoka wapi? Hukusema umekopa. Hukutaja kikoba, wala mjomba, wala mkopo wa halmashauri. Mwanamke anayekumbuka bei ya belo lake la kwanza hadi leo, hawezi kusahau hela hiyo aliipata kwa nani. Mimi naamini pikipiki ya mumeo ndiyo iliyogeuka belo lako. Kama nimekosea, niandikie, nitaomba radhi hapahapa.

Halafu mtoto. Umeandika "kutengana naye" kama vile alinyang'anywa. Mtoto wa miezi minane hakai Kibosho peke yake. Kuna mama mtu mzima aliyekuwa akiamka usiku wa baridi ya mlimani kumbembeleza, akimchemshia uji asubuhi, akimfunga mgongoni kwenda kukata majani ya ng'ombe, akimfulia. Karibu miaka miwili. Na wewe unaijua biashara ya mitumba kuliko mimi: siku belo linapofunguliwa ndiyo siku ya hela, vipande vizuri huondoka asubuhi ileile. Mwenye mtoto mwenye homa nyumbani anafika saa nne, anabaki na vya kumwaga chini auze kwa bei ya kutupa. Wewe ulifika mapema kila mara kwa sababu mtoto wako alikuwa mgongoni kwa mtu mwingine. Mkono mmoja haulei mwana, na huo wa pili una jina.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: mumeo haoni wivu. Mumeo ameumia, na ana haki ya kuumia. Mwanaume mwenye wivu na maendeleo ya mkewe hauzi chombo kinachompeleka kazini, akaanza kugombania daladala na mfuko wa vifaa begani, ili mke afungue biashara. Msaada uliopewa umeuorodhesha kwenye hesabu ya shida ulizozipata. Fadhila za punda ni mateke, na teke hili limepigwa kwenye kipaza sauti, yeye akiwa amekaa viti vya nyuma, pengine amevaa shati zuri kwa ajili yako.

Usidhani nina neno na wanawake wanaosimama kusimulia. Mimi nataka wasimame wengi zaidi. Nimekulia kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, na kahawa ya nyumbani kwetu ilikuwa "kahawa ya baba". Aliyeichuma ni mama. Aliimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha, akaianika kwenye kichanja, akawa anaigeuza siku nzima na kuikusanya mbio wingu likitanda kutoka mlimani. Siku ya malipo risiti ya chama cha msingi ilitoka kwa jina la baba, kwa sababu uanachama ulimfuata mwenye kihamba, na kihamba kilirithiwa na mtoto wa kiume. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kimeanza mwaka 1933. Hesabu mwenyewe ni mama wangapi wa mlimani waliochuma, wakaosha, wakaanika, na majina yao hayamo kwenye karatasi yoyote. Mama yangu amezikwa bila mtu kumwita mkulima wa kahawa. Ndiyo maana mwaka 2025, kilele cha Siku ya Wanawake kitaifa kilipofanyika Arusha, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nilimkumbuka yeye kuliko mtu yeyote.

Sasa niambie tofauti iko wapi. Mama yangu alifanya kazi, jina likaandikwa la mwingine. Mama mkwe wako amefanya kazi, na wewe umesimama mbele za watu ukasema hakukuwa na mtu. Ni kosa lilelile, isipokuwa safari hii mwenye kalamu ni mwanamke.

Wanasheria wanaijua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba kazi za mke nyumbani, kupika, kulea, kutunza familia, zihesabiwe kuwa mchango wake katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufanikiwa, lakini neno lile limewabeba wanawake wengi waliokuja nyuma yake. Tulilipigania neno hilo, tukalifurahia. Basi tusilitumie upande mmoja. Ikiwa kulea ni mchango mbele ya majaji, ni mchango pia mbele ya kikundi chako, hata anayelea akiwa ni mkwe.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi ya mumeo. Fikiria binti aliyekaa ukumbini siku ile, ana mtoto wa miezi minane na hana bibi wa Kibosho. Amekusikia ukisema hukuwa na mtu yeyote na umefika. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kinachomkwamisha ni uvivu wake. Kesho anachukua mkopo wa kausha damu, anafungua belo peke yake, mtoto anaugua wiki ya pili, marejesho yanamshinda, wanakuja kuchukua godoro na televisheni. Huyo binti angesikia habari nzima angejua cha kutafuta kwanza: mtu wa kumshikia mtoto, na mtu wa kumwamini kwa mtaji. Ulikuwa na elimu hiyo mkononi, ukamnyima. Siku hizi imekuwa kama sharti kwamba mwanamke shujaa lazima awe ametoka patupu, amesimama peke yake, ndoa ikiwa ni mzigo aliokuwa akiuvuta. Wako wanawake ambao hiyo ndiyo kweli yao, wamepigwa, wametelekezwa, na wanastahili kusikilizwa kwa heshima. Wewe si mmoja wao. Usivae vazi lao.

Kuhusu kiwanja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali kwa jina lake sawasawa na mume, kwa hiyo kukinunua si kosa. Kukinunua kwa kificho, kwa ushauri wa watu waliosikia nusu ya habari uliyowapa wewe, ni kuanza kugawana nyumba ambayo bado imesimama. Hao rafiki waambie habari yote kwanza, halafu uwaulize tena.

Anza Kibosho. Usitume ujumbe wa simu na wala usitume hela. Panda gari asubuhi, nenda na huyo mtoto aliyelelewa pale, na ukate jani la isale. Umeolewa mlimani, sina haja ya kukufundisha kwamba isale ni jani la kuombea radhi; anayeletewa huona vigumu kukataa. Ukifika usimweleze ulivyokuwa ukimaanisha. Sema umekosa. Kisha shika panga mkakate majani ya ng'ombe pamoja, usikae sebuleni kama mgeni.

Ukialikwa tena kusimulia, nenda. Simulia belo, simulia Memorial, simulia mvua yako na jua lako, maana bidii yako ni ya kweli na hakuna anayekuvua. Ila wataje hawa wawili, kwa kazi waliyofanya. Wala usimkokote mama wa watu hadi jukwaani apigiwe makofi kama hakutaka. Mtaje kwa haki, inatosha. Na kama baada ya yote hayo mumeo ataendelea kununa, au atakwambia usisimulie kabisa, niandikie. Hapo nitakuwa na maneno yake yeye.

Jioni hii lakini, akishamaliza kula, kabla hajainuka, muulize aliiuza pikipiki kwa shilingi ngapi. Bei ya belo umeniandikia. Bei ya pikipiki hukuiandika.