Nilirudi bila kugonga

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Kijana anayesikia wito wa upadre lakini ana mashaka, aingie seminari au asubiri mpaka awe na uhakika?" Nimelisoma, nikaliweka kando, nikalirudia. Mimi nilikaa seminari kuu miaka mitatu, nikatoka. Mpwa wangu amepata barua ya kupokelewa na anaondoka baada ya wiki mbili. Siwezi kulipita swali hili kimya.

Jibu langu la kwanza ni hili: asubiri. Najua uchungu wa kuishi mle ndani na neno lililokukaa kooni, huku kila asubuhi ukipiga magoti kama wenzako. Simtakii kijana yeyote.

Lakini nianze na Alhamisi ya wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nimepangwa kusoma somo fupi la Masifu ya Jioni, mistari isiyozidi mitano. Tangu mchana nilikuwa nimeweka utepe mwekundu wa kitabu kwenye ukurasa wenyewe na kuyasoma maneno yale chinichini hadi nikayashika kwa moyo. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya mafrateri wote, yaani wanafunzi wenzangu wa seminari, walezi nyuma yao, na sauti ikakataa. Ilitoka nyembamba kama ya mtoto, kisha ikakatika katikati ya sentensi. Mikono ilitetemeka hata ncha ya utepe ikawa inagonga ubao wa mimbari, nami nikawa naisikia. Hakuna aliyecheka. Walinisubiri tu. Nilimaliza, nikarudi mahali pangu, na kuanzia hapo sikusikia zaburi wala wimbo.

Baada ya sala frateri mmoja wa teolojia alinishika bega akaniambia, "Utazoea." Alisema kwa upendo, na kuhusu kusoma alikuwa sahihi. Ila kilichokuwa kikinisumbua hakikuwa kusoma. Nilikuwa najiuliza kama mtu aliyeshindwa kubeba mistari mitano anaweza siku moja kusimama altareni na kutamka, "Huu ndio mwili wangu."

Usiku, kimya kikuu, saa za kutozungumza hadi asubuhi, kikiwa kimeshaanza, niliamka nikavua viatu nikavishika mkononi, nikaenda mpaka mlango wa mlezi wa kiroho. Taa ilikuwa inawaka. Mwanga ulipita chini ya mlango ukanifika vidoleni. Nilisikia kiti kikisogezwa. Nikanyanyua mkono nigonge. Hapo ndipo wazo lilipokuja: nikimwambia huyu, kesho gombera, mkuu wa seminari, atajua, na mwisho wa mwaka walezi watakapokaa kunijadili, jambo la kwanza mezani litakuwa hili. Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Nikarudi bila kugonga.

Nilikuja kumsimulia habari hiyo mwaka wa tatu, siku niliyokwenda kumuaga. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba wiki za kwanza za kila mwaka alikuwa akiacha taa ikiwaka hadi usiku sana, kwa ajili ya wageni. Akaniambia pia jambo ambalo lingenifaa sana ile Alhamisi: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kabisa kumwomba mlezi wa kiroho, au muungamishi, maoni yake juu ya frateri gani apewe daraja ya ushemasi au upadre, au nani aondolewe seminari. Gombera asingeweza kumuuliza. Bila shaka tulikuwa tumeelezwa siku ya kupokelewa, pamoja na saa za kengele na zamu za usafi. Mimi sikulisikia, au nililisikia bila kujua kwamba linanihusu.

Kwa hiyo swali ambalo ningependa mngeuliza ni lingine: kijana huyo mwenye hofu, amwambie nani? Woga wenyewe hauna ajabu. Waumini wa Hippo, mji wa Afrika Kaskazini, walipomkamata Mtakatifu Augustino mwaka 391 ili apewe upadre, alilia mbele yao, na wapo waliomfariji wakidhani analia kwa kuwa amepewa upadre tu badala ya uaskofu. Machozi ni rahisi kuyasoma vibaya. Mtetemeko wangu ulisomwa kuwa ugeni wa mimbari.

Sasa nikilirudia jibu langu la "asubiri", naona linalegea. Akasubiri wapi? Uhakika hautamkuta amekaa chumbani peke yake. Na malezi yenyewe yamepewa muda mrefu makusudi: mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2016 unataka hatua ya awali isiyopungua mwaka mmoja, halafu falsafa si chini ya miaka miwili, teolojia minne. Kabla ya daraja kila mmoja anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaipokea kwa hiari na uhuru. Kumbe hakuna anayedai jibu siku ya kwanza. Basi aingie. Aingie na mashaka yake, mradi wiki ileile ya kwanza agonge mlango mmoja.

Simaanishi mashaka ya kila aina. Anayejiona hastahili, aende. Anayekwenda kwa sababu mama ameshatangaza kwa kila mtu, au huku moyo wake unatamani mke na watoto naye anauziba mdomo, huyo bado nasema asubiri, na kusubiri huko si aibu. Wala sidai kwamba kama ningegonga ningekuwa padre leo. Nilitoka kwa amani, naipenda familia yangu. Kinachoniuma ni kwamba niliamua nikiwa na hofu ambayo hakuna mtu aliyeitazama pamoja nami.

Juzi mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, wewe uliogopa ulipoingia?" Nikamjibu, "Kidogo tu. Utazoea." Nimeyaona maneno hayo nilipokuwa naandika habari ya yule frateri. Jioni hii nitampigia simu, nimsimulie ule mwanga chini ya mlango.