Maswali Yenu: Wolpepa

Ukuta wangu una upana wa mita 4.2 na kimo cha mita 3.2. Roli moja imeandikwa mita za mraba 5.3, nikanunua tatu. Ua linajirudia kila sm 64. Mbona zimepungua?

Mita za mraba ndizo zilizokuponza. Wolpepa huhesabiwa kwa vipande. Roli ya kawaida ina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10.05, kwa hiyo ukuta wako unataka vipande 8. Ongeza sm 10 za kupunguza juu na chini, kipande kinakuwa mita 3.3. Ingekuwa wolpepa isiyo na maua, kila roli ingetoa vitatu. Yako ina ua, na ili maua yakutane lazima ukate kwa marudio 6 kamili, yaani mita 3.84. Roli inatoa viwili tu, kwa hiyo zinahitajika 4. Unapofuata ya nne, linganisha namba ya toleo kwenye lebo; ikiwa tofauti, rangi zinaweza kupishana.

Wiki mbili tu tangu wolpepa ibandikwe, maungio yameachia na nyuma ya karatasi kuna madoa meusi. Fundi analaumu gundi.

Gundi inasingiziwa mengi. Madoa meusi ni kuvu, na kuvu hufuata unyevu. Bandua sehemu, bandika hapo kipande cha nailoni cha sm 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa tepu, kisha subiri siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: tafuta bomba linalovuja, ufa wa nje au maji yanayopanda kutoka kwenye msingi. Yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba usiopata pa kutokea. Usirudishe vinaili (wolpepa ya plastiki) kabla ukuta haujakauka, haipitishi hewa.

Ukuta ukiwa mkavu, geuza ule ukingo ulioachia uutazame. Ukiona umebeba unga au magamba ya rangi, ukuta haukukwanguliwa wala kupakwa praima (rangi ya kutanguliza). Gundi ikiwa imekauka laini, inang'aa, huenda ilibandikwa juu ya rangi ya mafuta isiyopigwa msasa, au feni iliikausha kabla haijashika. Na ukingo mtupu? Gundi haikufika huko, au ilikamuliwa yote kwa rola ya maungio. Rola hiyo hupitishwa kwa mkono mwepesi.

Kwa ukuta wa dukani kwangu, itafaa wolpepa ile ile ya nyumbani?

Kwenye ukorido unaoguswa na mabega na mikokoteni, hapana. Chukua vinaili yenye mgongo wa kitambaa, upana wa sm 137, na gundi nzito. Vipande hupandana sm 5, kisha vyote viwili hukatwa kwa pamoja kwa wembe mpya. Chini yake tanguliza utepe wa plastiki, la sivyo wembe utachana lipu na ungio litafunguka papo hapo.